Kwa Nini Bei ya Almasi Hubadilika Kabla ya Kulipiwa

Mkoa wa Shinyanga wajulikana kwa pamba na kwa almasi. Pamba kila mwanachama anaifahamu: hupimwa kwa kilo, hutengwa safi na fifi, na bei dira yake hutangazwa msimu unapofunguliwa. Almasi nayo ilivumbuliwa Mwadui mwaka 1940 na Mkanada John Williamson, lakini wanaojua jinsi inavyopangiwa bei ni wachache. Siku hizi mtu aweza kuagiza pete ya almasi kwa njia ya intaneti akiwa nyumbani kwake. Wako wanunuzi wanaoshangaa kuona kwamba bei waliyoisoma Jumatatu siyo wanayodaiwa Ijumaa. Jambo hili lavihusu pia vyama vya akiba na mikopo, kwa maana kamati ikishapitisha mkopo wa pete kwa bei ya kwanza, hiyo tofauti italipwa na nani?

Kwanza yafaa ieleweke kwamba almasi hazifanani. Thamani ya kila jiwe hutegemea mambo manne: uzito, rangi, usafi na mchongo. Uzito hupimwa kwa karati, na karati 1 ni gramu 0.2. Tena bei kwa kila karati si moja kwa mawe yote, bali huruka uzito unapofikia nusu karati, karati 1, na kuendelea. Kwa mfano, jiwe la karati 0.95 likipangiwa dola 4,000 kwa karati, mnunuzi atalipa dola 3,800. Jiwe la karati 1.00 lenye sifa zilezile likipangiwa dola 5,000 kwa karati, atalipa dola 5,000. Uzito uliozidi haufiki hata ule wa punje ya mtama, lakini bei imezidi kwa dola 1,200. Kwa hiyo mnunuzi anayepewa jiwe jingine "linalokaribiana" na lile alilochagua hana budi kuuliza bei upya.

Ziko sababu nne kubwa zinazobadilisha bei kati ya siku ya kuchagua na siku ya kulipa.

Sababu ya kwanza ni kwamba wauzaji wengi wa intaneti hawana hayo mawe mkononi. Huonyesha orodha za wafanyabiashara wakubwa walioko New York, Antwerp, Mumbai na kwingineko. Jiwe moja huweza kuonekana kwa wauzaji kadhaa, kila mmoja akiwa ameongeza faida yake. Mwenye mali akipandisha bei, au akiliuza kwa mtu mwingine, orodha hurekebishwa, pengine baada ya mteja kuwa amekwisha kuchagua.

Sababu ya pili ni soko lenyewe. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kampuni ya De Beers ilidhibiti mauzo ya almasi ghafi kwa kukusanya na kuzuia akiba, ili bei isiyumbe. Mpango huo uliachwa mwaka 2000. Wafanyabiashara wengi hutumia orodha ya bei ya Rapaport, iliyoanzishwa New York mwaka 1978 na ambayo hutolewa kila wiki. Orodha hiyo ikibadilika, bei za wauzaji nazo huweza kufuata.

Sababu ya tatu ni almasi zinazotengenezwa maabara. Hizo ni almasi halisi kwa asili ya kikemia, ila hazikuchimbwa ardhini. Mwaka 2018 De Beers wenyewe walianza kuziuza kwa dola 800 kwa karati, na tangu hapo bei zake sokoni zimeshuka sana. Mnunuzi aliyeona bei ya jiwe la maabara, kisha akaagiza lililochimbwa, atadhani amepandishiwa bei, kumbe amebadili bidhaa.

Sababu ya nne ni gharama za pembeni. Almasi huuzwa kwa dola za Marekani, basi shilingi ikishuka bei hupanda hata kama muuzaji hakuongeza senti. Kuna pia dhahabu ya pete, ambayo bei yake hubadilika kila siku, pamoja na usafirishaji, bima, ushuru wa forodha na kodi.

Je, muuzaji analazimika kuuza kwa bei aliyoionyesha? Katika sheria ya mikataba ya Uingereza, ambayo misingi yake hufuatwa pia katika nchi zetu, bidhaa iliyopangwa dukani pamoja na bei yake ni mwaliko tu. Mahakama ya Rufaa ya huko iliamua hivyo mwaka 1953, katika shauri lililohusu duka la dawa. Mkataba huwapo muuzaji anapolikubali ombi la mnunuzi. Akishalikubali hawezi kuongeza bei peke yake, isipokuwa masharti yaliyokubaliwa yanamruhusu. Ndiyo maana masharti husomwa kabla ya kulipa.

Katibu anayepokea ombi la mkopo wa namna hii asitosheke na bei iliyonakiliwa kutoka intaneti. Adai ankara kifani yenye namba ya hati ya maabara iliyolipima jiwe, uzito wake, maelezo kama limechimbwa au limetengenezwa, jumla ya gharama hadi kumfikia mnunuzi, aina ya fedha, na tarehe ambayo bei hiyo itakoma. Muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba jiwe lipo na limewekwa kwa ajili ya mteja huyo. Bei ikibadilika kabla ya malipo, ombi lirudi kwenye kamati. Katibu asiongeze fedha kwa maneno ya mdomo.

Utaratibu huu si wa almasi peke yake. Mbolea, dawa za pamba na vipuri vya mashine huagizwa vivyo hivyo, na fedha inayolipwa ni ya wanachama wote. Bei iliyoonekana ni habari tu. Bei iliyoandikwa na kukubaliwa na pande mbili ndiyo ya kulipiwa.