Gari kuukuu likizima njiani, uliza kwanza: umeme au mafuta?

Na Mwandishi Wetu

SAA nane mchana, jua likiwaka, pikapu ya Peugeot 504 iliyosheheni matenga ya nyanya imeshavuka mpaka wa Namanga. Karatasi zote zimegongwa mihuri. Inapopanda kuelekea Kajiado, injini inakohoa mara mbili na kuzima. Dereva anapiga starta. Injini inazunguka lakini haiwaki. Nyanya hazisubiri, na mnunuzi wa Nairobi ana wauzaji wengine wa kuwapigia simu.

Wafanyabiashara wengi wa mipakani wanalijua tukio la namna hii, na wanajua pia kinachofuata. Fundi anaitwa, anasema ni kabureta. Kabureta inafunguliwa, gari haliwaki. Anasema ni pampu, kisha koili. Jioni gari linawaka, fedha zimekwisha, na hakuna anayeweza kusema ni kifaa kipi hasa kilichokuwa kibovu. Kesho yake kwenye mwinuko uleule, linazima tena.

Peugeot 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968 na ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Sifa ya uvumilivu ndiyo iliyoiweka kwenye barabara zetu hadi leo. Gari hili la petroli halina kompyuta, kwa hiyo ubovu wake unaweza kutafutwa kwa macho, mikono na vifaa vichache, mradi utaratibu ufuatwe.

Injini ya petroli ikiwa ilikuwa inakwenda vizuri kisha ikazima ghafla, washukiwa wakuu ni wawili: cheche ya umeme au mafuta. Kazi ya kwanza ni kumwondoa mmoja, kabla ya kununua chochote.

Anza na cheche, kabla ya kufungua bomba lolote la mafuta. Chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya akiba, kisha shika plagi hiyo kwa koleo lenye mpini wa mpira na kuigusisha kwenye chuma cha injini. Mwenzako apige starta. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ikiwa ya njano na dhaifu, au isipoonekana kabisa, tatizo ni umeme.

Kisha angalia mafuta. Zima swichi, na asiwepo mtu anayevuta sigara. Toa kifuniko cha chujio cha hewa, chungulia ndani ya kabureta na mwenzako akanyage kanyagio la mafuta. Petroli inapaswa kuruka kama uzi. Isiporuka, mafuta hayafiki.

Hapa ndipo wengi hukosea: hawapimi wakati gari limezima, wanasubiri lipoe. Koili iliyochoka hupoteza nguvu ikipata joto na huirudisha ikipoa. Petroli nayo, bomba likiwa karibu na injini yenye joto kali, huweza kugeuka mvuke ambao pampu haiwezi kuusukuma. Ukipoa, hurudi kuwa mafuta. Kwa hiyo matatizo mawili tofauti yanatoa dalili moja: gari linazima mlimani mchana na kuwaka baada ya nusu saa kivulini. Nusu saa hiyo inafuta ushahidi wote. Anayepima palepale, injini ikiwa bado ya moto, anajua mara moja yuko upande gani.

Ikiwa cheche ipo na mafuta hayafiki, funga kitambaa chenye maji kwenye pampu na bomba lake. Gari likiwaka muda mfupi baadaye, shuku mvuke. Sogeza bomba mbali na joto. Usimwagie maji baridi injini yenye moto, chuma kinaweza kupasuka. Fungua pia kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu na gari likapona, tundu la kupumulia limeziba. Kwa mafuta yaliyonunuliwa kwenye madumu kando ya njia, weka kidogo katika chupa angavu na uache yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatajikusanya chini.

Ikiwa tatizo ni umeme, anza na vitu visivyogharimu. Safisha vichwa vya betri na kaza waya mnene unaotoka upande wa hasi kwenda kwenye bodi. Washa swichi na uguse taa ya kupimia kwenye waya unaoleta umeme kwenye koili. Isipowaka, umeme unakatika njiani. Ikiwaka, fungua distributa na utazame pointi, vile vichwa viwili vinavyofunguka na kufunga. Vikiwa vimeungua, vipigwe msasa laini na nafasi yake ipimwe kwa kufuata kitabu cha gari. Kwa kawaida ni karibu milimita 0.4. Pointi mpya zikiungua haraka, kondensa ndiyo ya kushukiwa.

Mpaka nao huleta ugumu wa majina. Katika gereji za Bujumbura na Bukavu, ambako maneno ya ufundi yametokana na Kifaransa, plagi ni buji, koili ni bobini, distributa ni delko na pointi ni platini. Anayetuma kifaa kutoka ng'ambo na atume cha zamani kama sampuli, kwani jina peke yake linaweza kuleta kisichofaa.

Plagi moja, pointi, kondensa, chujio la mafuta na taa ya kupimia vinaenea chini ya kiti cha dereva. Kwa mwenye mzigo wa nyanya, hivyo ni sehemu ya safari sawa na karatasi za forodha.