Binti wa Kaburini na Binti wa Bukuku

Jua likishatua nyuma ya vilima vya Kimwani, na taa za wavuvi wa dagaa zikianza kuonekana moja moja ziwani kuelekea visiwa vya Bumbire na Goziba, watu wengi wa kusini ya Muleba, kama wenzao wa Bukoba mjini, huketi mbele ya runinga, ama majumbani mwao penye kisimbuzi, ama katika vile vibanda vya kulipia ambavyo vijana wamevipa jina la kibanda umiza, wakatazama tamthilia za nchi wasizopata kuzikanyaga. Miongoni mwa hizo zimo hadithi za Wachina wa kale, waume kwa wake wenye nywele ndefu na majoho ya hariri, ambao hupendana mahali ambapo sharia na mila zimewakataza kupendana. Mtazamaji hulia nao. Lakini aghalabu, akiulizwa baada ya kufuta machozi ni kosa gani hasa walilotenda wale wawili, hujibu kwamba wakubwa wao walikuwa wabaya. Jibu hilo halitoshi, nami naona ni taksiri yetu sisi tunaoandika na tunaotafsiri kuwaachia watu machozi bila ya sababu yake.

Na tuchukue tamthilia moja iliyo mashuhuri kuliko nyingi. Mwaka 1983 kituo cha TVB cha Hong Kong, ambacho kilianza kurusha matangazo mwaka 1967, kilitoa kwa lugha ya Kikantoni, lugha ya watu wa Hong Kong, Macau na jimbo la Guangdong, mchezo wa sehemu 50 uliotokana na riwaya ya Jin Yong. Mwandishi huyo aliianza hadithi yake mwaka 1959 katika Ming Pao, gazeti alilolianzisha mwenyewe, akaiendeleza kipande kwa kipande hadi mwaka 1961, wasomaji wakingojea toleo la kesho kama wangojeavyo leo sehemu inayofuata. Andy Lau na Idy Chan, wote wawili vijana wakati huo, ndio waliocheza nafasi za Yang Guo na Xiaolongnü.

Hadithi imewekwa katika karne ya 13, wakati ufalme wa Song ulipokuwa ukishambuliwa na majeshi ya Wamongolia. Yang Guo ni yatima ambaye jina lake limechafuliwa na matendo ya baba yake. Anapelekwa katika nyumba ya watawa kujifunza mapigano, anateswa, anatoroka, na anaangukia katika kaburi kubwa la kale lililo chini ya mlima, ambamo anaishi msichana aliyelelewa humo tangu uchanga, asiyejua soko wala maneno ya watu. Huyo ndiye Xiaolongnü. Anampokea, anamfundisha elimu yake yote ya upanga, na kijana, kwa mujibu wa desturi, anampigia magoti na kumkubali kuwa mwalimu wake. Miaka inapita, wote wawili wanakua, na mahaba yanawaingia kama maji yaingiavyo mtumbwi wenye ufa, bila ya kelele, hata walipotahamaki walikuwa wamekwisha kuzama.

Fundo la mambo yote limo katika lile tendo la kupiga magoti. Kwa Wachina wa zama zile mwalimu hakuwa mtu wa kulipwa ada na kusahauliwa, bali alikuwa mzazi. Aliyekufundisha siku moja alikuwa na haki ya baba au mama juu yako maisha yako yote, na kumtamani mzazi ni jambo ambalo hata kulitaja kunatia fedheha. Mtu wa Kimwani hahitaji safari ndefu ili aifahamu hukumu hiyo. Kwao yeye kijana na binti wa oruganda mmoja, yaani ukoo mmoja, wenye muziro au mwiko mmoja, hawaoani, hata kama hawakupata kuonana kabla ya siku ile, na hata kama babu zao waliachana katika zamani zisizokumbukwa na mtu. Hakuna ng'ombe wala mbuzi wa kuliondoa jambo hilo, kwa kuwa wawili hao, machoni pa ukoo, ni ndugu. Mwambie mtazamaji wa Kimwani kwamba yule mwalimu na mwanafunzi wake walikuwa kama watoto wa oruganda mmoja, naye ataikalia tamthilia ile kwa moyo mwingine kabisa.

Kwa maana akishaelewa hivyo, ataona kwamba shujaa Guo Jing si mtu mbaya. Yeye alikuwa ndugu wa kuapiana wa baba yake Yang Guo, amemlea kijana kwa huruma, na amekusudia kumwoza binti yake mwenyewe. Siku ya mkutano mkubwa wa mashujaa, mbele ya kadamnasi, Xiaolongnü anasema waziwazi kwamba anataka kuwa mke wa Yang Guo. Anasema bila ya haya wala ukaidi, maana kaburini hakuwako mtu wa kumwambia kwamba neno hilo ni haramu. Guo Jing anamkamata kijana kifuani na kuinua mkono ambao pigo lake moja huua. Hana chuki naye. Anampenda kama mwana, na kwa mapenzi hayo hayo anaona ni afadhali amzike kuliko kumwona akiishi katika aibu ile. Kijana hajitetei. Mkono unashuka pole pole bila ya kupiga. Kwangu mimi tendo hilo ni zito kuliko vita vyote vilivyomo katika sehemu 50, na ni tendo lisilokuwa na maana yoyote kwa mtazamaji ambaye hakuelezwa sharia.

Baada ya hapo wapenzi hutenganishwa na kukutana, na kutenganishwa tena, mpaka Xiaolongnü, akiwa na sumu mwilini isiyo na dawa, na akijua kwamba mwenziwe hatakubali kujitibu ikiwa yeye mwenyewe hatapona, anajitupa kutoka kwenye jabali baada ya kuchora juu ya jiwe ahadi ya kuonana naye baada ya miaka 16. Yang Guo anaingoja miaka hiyo yote. Anafika siku ya miadi, hamkuti, naye anajitupa pale pale. Na chini ya jabali anamkuta yu hai.

Nchi yetu ya Maziwa Makuu nayo inayo hadithi ya msichana aliyefungiwa, kongwe na nzito. Masimulizi ya ufalme wa kale wa Kitara yanasema kwamba Bukuku, bawabu aliyekalia kiti cha mfalme Isaza baada ya Isaza kunaswa katika nchi ya kuzimu, aliambiwa na waaguzi kwamba hatari yake itatoka kwa mtoto wa binti yake Nyinamwiru. Akamharibu uso ili asitamaniwe, akamtoboa jicho na kumkata sikio, kisha akamjengea boma lisilo na mlango wa kupitia mgeni. Isimbwa, mwana wa Isaza aliyezaliwa kuzimu, alipita akiwinda. Akapata habari kwa kijakazi, akaingizwa kwa siri, akakaa na Nyinamwiru miezi, akaenda zake. Mtoto akazaliwa, Bukuku akaamuru atupwe mtoni, mfinyanzi akamwokoa, naye ndiye Ndahura, ambaye alipokua alimuua babu yake na kutwaa kiti cha enzi. Masimulizi ya Bunyoro yanamtaja Wamara kuwa mwanawe, na jina la Wamara halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa Buhaya, wala jina la Mugasha, bwana wa ziwa na tufani, anayetajwa pamoja naye.

Nikizipima hadithi hizi mbili naona tofauti inayonihuzunisha. Mabinti wote wawili walifungiwa gizani, na wote wawili walifikiwa na mtu aliyetoka nje. Lakini Wakantoni walimpa binti wao jioni 50 za kupenda, kukosea, kungoja na kusema alitakalo, ilhali sisi tunamwacha Nyinamwiru mara tu anapomzaa mfalme. Twajua alivyokatwa sikio. Hatuambiwi alilolisikia kwa lile lililobaki usiku ule Isimbwa alipoingia. Wala hatupaswi kudhani kwamba ukali huo ulikuwa wa hadithi peke yake. Katika ziwa Bunyonyi, upande wa Kabale nchini Uganda, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Akampene, ambako Wakiga wa zamani waliwatupa wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, wakafa kwa njaa na baridi, au wakafa maji wakijaribu kuogelea, isipokuwa yule aliyebahatika kuchukuliwa na mwanamume asiyekuwa na mahari ya kuolea kwingine.

Hadithi za Uchina zimetufikia kwa jitihada za watu. Kwanza walikuwako wasimulizi wa kaseti za video, na mashuhuri wao Dar es Salaam alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye aliweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni na kuwaeleza watu mila wasiyoijua kadiri picha ilivyokwenda. Na Kampala, ng'ambo ya Mutukula, VJ Jingo amefanya kazi hiyo hiyo kwa Kiganda. Kisha mwaka 2011 TBC ikaonyesha Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, na tangu hapo kazi hiyo imekuwa ya studio. Sauti za studio ni safi na mdomo hulingana na neno, jambo la kusifiwa. Illa yule msimulizi aliyekuwa akisimama kati ya picha na watu, akasema huyu hawezi kumwoa yule kwa sababu hii na hii, ameondoka, wala hakuwekwa mwingine mahali pake.

Basi nawaomba wanaotia sauti tamthilia hizi wasitosheke na neno mwalimu pale ambapo Mchina amesema neno lenye baba ndani yake. Sentensi moja ya kueleza, mwanzoni mwa sehemu ya kwanza, itamfaa mtazamaji kuliko machozi ya sehemu kumi. Na kwa wenye kamera wa Bukoba na Muleba ninalo ombi la pili. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliziandikia tenzi za enanga za Wahaya tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, naye aliwakuta bado wapo wapigaji walioweza kushika usiku mzima kwa ubao wenye nyuzi na sauti yao. Waliobaki ni wazee. Wafuateni mwaka huu, kabla ya msimu wa senene, mkawaombe wawaimbie habari za Wamara na za bibi yake aliyefungiwa, mrekodi, kisha mmpe Nyinamwiru naye sehemu zake 50.