Chonge Haimfanyi Mtu Kuwa Chui

Kuanzia Makenke, pale Mbarara, hadi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mgeni hutazama pembe za ng'ombe wa Ankole. Mnunuzi anayeijua mifugo hutazama mdomo. Akiinua mdomo wa juu, mbele hakuti jino hata moja, ni ufizi mgumu tu. Meno ya mbele ni manane na yote yako chini. Kwa hayo hukadiria umri, maana jozi ya kwanza ya meno ya ukubwa hutoka mnyama akiwa na miaka miwili hivi.

Ng'ombe huzungushia nyasi ulimi, akazibana kati ya meno hayo na ufizi, akazikata. Kazi kubwa hufanyika nyuma. Magego yake ni marefu na yana mikunjo migumu juu, na taya huenda kando kwa kando likisaga. Nyasi zina chembe za silika zinazolisugua na kulimaliza jino, kwa hiyo gego la ng'ombe lina kimo cha kutosha kulika miaka mingi.

Chui wa Ziwa Mburo, jirani wa ng'ombe hao, ana meno 30. Chonge zake nne hushika na kuua, na nyuma yake yapo meno yenye makali, la juu likipishana na la chini kama mkasi. Taya lake hufunguka na kufunga, wala haliendi kando. Chui hatafuni kama tutafunavyo sisi: hukata pande la nyama akalimeza.

Mtu mzima ana meno 32, idadi ileile ya ng'ombe, ila yamepangwa vingine: manane ya mbele, juu na chini, chonge nne, na magego 20, madogo na makubwa. Chonge hizo ndizo huleta ubishi. Wapo wanaoziona kuwa ushahidi kwamba tuliumbwa tule nyama. Hoja hiyo ni dhaifu, na wanyama wa Uganda wenyewe wanaipinga. Kiboko wa Mburo ana chonge zinazoweza kufikia nusu mita, naye hula nyasi. Gorila dume wa Bwindi ana chonge za kutisha, naye hula majani na mashina. Zile ni za kutishana na kupigana na madume wenzake.

Ukitaka kujua mnyama anakula nini, tazama magego na kiungo cha taya. Magego yetu ni mafupi, yana vinundu vya mviringo na tabaka nene gumu la nje. Taya letu hupanda, hushuka, huenda kando na hata mbele. Kinywa cha namna hii hakiwezi kurarua ngozi ya swala wala kuishi kwa nyasi, lakini kinamudu matoke, maharage, ugali wa muhogo, samaki na nyama ya mbuzi iliyochomwa. Tena kinasaidiwa: kukata tumekiachia kisu, kulainisha tumeuachia moto.

Basi chonge ya binadamu ina faida gani? Nyingi. Mzizi wake ni mrefu kuliko wa jino lingine lolote kinywani, imesimama penye kona ya taya, na taya linapokwenda kando huongoza meno mengine yasigongane vibaya.

Ndiyo maana naumia kuona jino hili likiwindwa kwa watoto wachanga. Uganda huitwa ebiino, Tanzania meno ya plastiki: mtoto akiharisha au akipata homa, ufizi uliovimba na kuwa mweupe mahali pa chonge hudhaniwa ndio ugonjwa, ukachimbwa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Uvimbe ule ni chonge ya utoto inayojiandaa kutoka, kwa kawaida mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Kuharisha huletwa na vijidudu vya maji na chakula. Homa huenda ni malaria. Mtoto huyo anahitaji kupimwa, na akiharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki. Kuchimba huleta damu nyingi, usaha, hata pepopunda. Chonge ya ukubwa, inayojengeka chini ya ile ya utoto, hutoka kati ya miaka 9 na 12. Iliyoguswa na chuma huweza kutoka imepinda, ikawa na kasoro, au isitoke kabisa.