Gazeti Lililotunza Lugha

 Wewe uliye na karatasi hii mkononi, weka kidole chako chini ya mstari wa kwanza, tusome pamoja.

Leo tutajifunza habari za gazeti liitwalo Flensborg Avis. Limeandikwa kwa Kidenmark, lakini makao yake hayako Denmark. Yako Ujerumani, katika mji wa Flensburg, karibu na mpaka wa nchi hizo mbili. Wadenmark huuita mji huo Flensborg, na ndiyo asili ya jina la gazeti.

Utauliza, gazeti la Kidenmark limefikaje Ujerumani? Sababu ni vita. Zamani Schleswig, jimbo lenye mji huo, lilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Wenyeji wengine walisema Kidenmark, wengine Kijerumani. Mwaka 1864 Denmark ilipigana na Prussia na Austria, ikashindwa. Mwaka 1867 Schleswig ikatiwa katika Prussia, ufalme mkubwa wa Wajerumani. Basi mkulima alibaki katika shamba lake lile lile, lakini serikali iliyomtawala ikawa nyingine.

Gazeti lilianza tarehe 1 Oktoba 1869, ili Wadenmark wapate habari kwa lugha yao. Mwaka 1882 Jens Jessen akawa mhariri, yaani mtu anayeamua maneno gani yachapwe. Huyu hakuogopa wakubwa. Alifungwa mara kadhaa kwa ajili ya maneno aliyoyachapa, na kila alipotoka gerezani alirudi kwenye kazi yake. Mwaka 1902 watu walimchagua kwenda katika bunge la Ujerumani. Akafa mwaka 1906.

Shida kubwa ilikuwa shuleni. Mwaka 1888 serikali iliamuru masomo yafundishwe kwa Kijerumani. Kidenmark kiliachwa katika somo la dini tu, tena mahali pengine tu. Fikiri jambo hili: mtoto anasema Kidenmark na mama yake, lakini shuleni hafundishwi kukiandika. Lugha ya namna hiyo hubaki mdomoni tu. Kwa hiyo gazeti lilipoingia nyumbani, lilileta habari na pia lilileta kitu cha kusoma kwa lugha ya nyumbani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1920, wenyeji waliulizwa kwa kura wanataka nchi gani. Sehemu ya kaskazini ilichagua Denmark. Flensburg na jirani zake walichagua Ujerumani. Karibu watu wanne katika kila watano walipiga kura hiyo. Hivyo wasomaji wengi wa gazeti wakawa ng'ambo ya mpaka mpya. Hata hivyo gazeti halikuhama. Lilibaki na Wadenmark wachache waliobaki Ujerumani, likapita pia katika miaka migumu ya utawala wa Hitler, 1933 hadi 1945, wakati magazeti yalipobanwa sana.

Mwaka 1955 Ujerumani Magharibi na Denmark zilitoa ahadi, kila moja kwa watu wachache wa lugha ya pili waliomo nchini mwake. Mtu akisema, "Mimi ni Mdenmark," au, "Mimi ni Mjerumani," afisa wa serikali asimbishie wala kumchunguza. Gazeti nalo lilichapa habari za Kijerumani pia, maana Wadenmark wengi wa huko husema Kijerumani nyumbani. Mwaka 2019 lilitimiza miaka 150.

Mhariri hodari hawezi kulisimamisha gazeti peke yake. Yuko mtu aliyetoa fedha yake kulinunua, akaketi, akalisoma. Nawe sasa u mmoja wa watu wa namna hiyo, kwa kuwa unajua kusoma.

Maswali ya kikundi. Someni karatasi hii kwa zamu, kisha jibuni:

1. Kwa nini gazeti la Kidenmark liko Ujerumani?
2. Amri ya mwaka 1888 ilileta shida gani?
3. Nyumbani kwako mna nini cha kusoma kwa lugha yako?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.