Mkeka upi unafaa sakafu yako?

KWA familia nyingi za Burundi zilizorejea kutoka makambi ya Tanzania, nyumba huanza na kuta na bati. Sakafu husubiri. Fedha zikipatikana, watu hukimbilia kutandika, na hapo hasara huanza. Mkeka mzuri wa ukindu uliovushwa mpakani Manyovu huota ukungu kabla mvua hazijaisha, na watoto wanaoulalia huanza kukohoa.

Mkeka hauna kosa. Wa kuchunguzwa kwanza ni sakafu.

Saruji huhesabiwa siku 28 ili ikomae, lakini maji yaliyomo ndani huchelewa zaidi kutoka. Kipimo chake ni rahisi. Chukua nailoni ya nusu mita kila upande, ibandike sakafuni kwa selotepu pande zote, uiache saa 24. Ukikuta matone chini yake, au saruji imegeuka nyeusi, usitandike bado. Zulia la plastiki nalo si dawa, kwani hufungia unyevu chini.

Kwenye sakafu ya udongo unafaa mkeka wa mafunjo ya mabondeni. Ni mwepesi na bei yake ni nafuu, hivyo uinue kila asubuhi na kuuanika. Lakini mkeka hauzuii funza, ambao huzaliana katika vumbi kavu. Nyunyiza maji, fagia, na siriba nyufa.

Ukindu ni laini, na mahali pake ni chumba cha kulala chenye saruji kavu. Zulia la katani hustahimili kukanyagwa, kwa hiyo linafaa sebuleni. Lisiwekwe jikoni, maana katani hunywa maji na kubaki na madoa. Mlangoni weka makumbi ya nazi. Huko pwani makumbi hufukiwa miezi kadhaa katika matope ya bahari kabla ya kupondwa, na nyuzi zake haziozi upesi.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wakumbuke kwamba mkeka huviringishwa, haukunjwi, kwa kuwa penye kunjo ndipo hukatika. Ukilowa njiani, uanikwe penye upepo kabla ya kuuzwa.

Na aliye na fedha ya kitu kimoja tu, anunue saruji kwanza. Mkeka unaweza kungoja. Kifua cha mtoto hakingoji.