Choa na Mapunye: Ugonjwa wa Watu na wa Ndama

Mkulima, ukungu unaujua. Huuona katika mahindi yaliyotiwa ghalani kabla ya kukauka. Lakini, je, unajua kwamba ziko kuvu ambazo chakula chake ni ngozi ya mtu, nywele zake na kucha zake? Wataalamu hukadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wana ugonjwa wa kuvu wa ngozi au kucha. Basi aliyeupata hakulogwa, wala si lazima awe mchafu.

Ugonjwa huu una majina mengi kwa sababu huonekana mahali pengi. Kichwani mwa watoto huitwa mapunye: nywele hukatika na ngozi hutoa magamba. Mwilini huitwa choa, na wengine husema mashilingi, kwa kuwa alama zake ni za mviringo. Ukingo huinuka na kuwasha, na katikati huonekana kama panapona. Miguuni hukaa kati ya vidole. Ngozi huwa nyeupe, hupasuka na kunuka. Ukucha nao hugeuka manjano, huwa mnene na kuvunjika ovyo.

Kwa nini kuvu hupata nafasi kwetu? Kwa sababu hupenda joto na unyevu. Mkulima wa mpunga wa Mwea au Ahero hukaa majini na matopeni. Yule wa Kinangop huvaa buti za mpira toka alfajiri, na miguu yake hutoka jasho humo ndani. Nyumbani watoto hulala kitanda kimoja, huazimana kofia, na hunyolewa kwa mashine moja isiyosafishwa.

Tena iko njia ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni ndama. Ukiona ndama ana madoa makavu ya kijivu, yenye maganda mazito, kuzunguka macho, masikioni au shingoni, huenda ana choa. Mtoto anayemnywesha maziwa aweza kuambukizwa mikononi au usoni. Ndama wengi hupona wenyewe baada ya miezi michache, lakini mbegu za kuvu hubaki katika nguzo za banda kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtenge ndama huyo, weka banda kavu lipatalo jua, usitumie kamba yake kwa mwingine, na umwite daktari wa mifugo. Kila amgusaye na anawe kwa sabuni.

Sasa tuje kwenye dawa. Hapa ndipo watu hupoteza fedha zao.

1. Choa ya mwilini na ya miguuni hutibiwa kwa dawa ya kupaka, kama klotrimazoli au mafuta ya Whitfield. Usiache siku ile alama inapopotea. Endelea wiki moja au mbili zaidi.

2. Mapunye hayaponi kwa kupaka tu, kwa maana kuvu imeingia ndani ya unywele. Mpeleke mtoto zahanati. Akipewa vidonge vya griseofulvini, huvimeza kwa muda wa wiki 6 hadi 8, au zaidi, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, ili dawa ifanye kazi vizuri. Mama mwenye mimba asimeze dawa hiyo.

3. Kucha hutaka uvumilivu. Ukucha wa kidole cha mkono huchukua kama miezi 6 kuota upya. Wa kidole gumba cha mguu, miezi 12 hadi 18.

4. Usipake petroli, maji ya betri, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hizo huunguza ngozi, na nyingine ni sumu. Jihadhari pia na krimu zenye steroidi. Hutuliza mwasho siku chache, huku kuvu ikienea.

5. Kama baka halina hisia ukiligusa, nenda hospitali upesi. Huenda ni ukoma, nao una dawa ya kuuponya. Na kichwa cha mtoto kikivimba na kutoa usaha, usikitumbue, mpeleke atibiwe.

Kuzuia si kazi kubwa. Kausha miguu vizuri, hasa kati ya vidole. Anika buti zako juani. Vaa soksi safi kila siku. Kila mtu awe na taulo lake na kitana chake.

Usiseme kwamba haya ni maradhi madogo. Mtoto mwenye mapunye huchekwa, huficha kichwa chake, na mwisho huchukia shule. Akisha kuanza dawa, mwache aendelee na masomo. Mkulima ambaye miguu yake imepasuka hawezi kupalilia, na vidudu vingine huingia katika nyufa hizo na kuuvimbisha mguu mzima. Leo jioni, watoto wakioga, tazama vichwa vyao. Kisha tazama miguu yako mwenyewe, na kesho asubuhi watazame ndama.