Usalama Majini: Kutoka Kupima Meli hadi Kuhesabu Watu

Dereva wa pikipiki ya abiria pale Gisimenti, Kigali, huwa na kofia ngumu mbili: moja yake, nyingine ya abiria. Abiria wa pili hachukuliwi. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kila kichwa na kofia yake. Katika makala haya tunaeleza jinsi vyombo vya majini vilivyochelewa kuifikia kanuni kama hiyo, na kwa nini sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tunahusika.

Mwanzoni mwa karne ya 20, sheria ya Uingereza ilipanga idadi ya mashua za kuokolea kwa kutazama ukubwa wa meli, si idadi ya watu. Meli ya tani 10,000 au zaidi ilitakiwa kuwa na mashua 16 tu. Titanic ilikuwa na tani zaidi ya 46,000. Ilibeba mashua 20, yaani ilizidisha matakwa ya sheria. Hata hivyo mashua hizo zilikuwa na nafasi 1,178 kwa watu wapatao 2,200. Ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, watu wapatao 1,500 walikufa. Katika jambo hili meli haikuvunja sheria. Sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Mwaka 1914 mataifa yalikutana London na kuafikiana kwamba kila aliyemo melini apate nafasi katika mashua. Vita Kuu ya Kwanza ilikwamisha utekelezaji, lakini wazo halikufa. Mkataba uliandikwa upya mara kadhaa, na unaotumika leo ni wa mwaka 1974 pamoja na marekebisho yake.

Hata hivyo, mashua peke yake haitoshi. Tarehe 24 Julai 1915 meli Eastland ilipinduka huko Chicago ikiwa bado imefungwa gatini, na watu 844 wakafa. Mashua zilizoongezwa juu yake zilikuwa zimeizidishia uzito wa juu. Tangu wakati huo vifaa vingine vimetiliwa mkazo: jaketi la kujiokolea, mashua zenye paa, na chelezo kinachojijaza hewa. (Neno chelezo latokana na kitenzi elea.) Aidha, baada ya ajali ya Costa Concordia ya mwaka 2012, kanuni zilibadilishwa ili abiria wa safari ndefu waelekezwe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Mkataba huo unahusu hasa safari za kimataifa za baharini. Katika maziwa yetu mzigo huwa juu ya sheria za kila nchi na watu wa bandarini, na hapo ndipo hesabu inapopotea. MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, iliruhusiwa kubeba abiria 430. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana idadi kamili ya waliokufa haijulikani hadi leo. Aghalabu hutajwa zaidi ya 800. Kivuko MV Nyerere kilikuwa na nafasi ya watu 101. Kilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 2018, walikufa zaidi ya 220. Na katika Ziwa Kivu, ziwa letu na jirani zetu, boti iliyotoka Minova ilizama Oktoba 2024 ikikaribia Goma, ikaua makumi ya watu.

Sasa Kiswahili kinaingiaje? Abiria hawezi kufuata onyo asilolielewa. Linganisha matangazo haya mawili: "Abiria wanatakiwa kuhakikisha kwamba majaketi yanavaliwa" na "Vaa jaketi. Funga kamba. Msikilize nahodha." La kwanza lina kauli ya kutendwa na halisemi nani avae. La pili linamwambia mtu la kufanya, naye huelewa hata akiwa na hofu.

Tunapendekeza zoezi hili darasani: kila kikundi kiandike tangazo la boti ya Ziwa Kivu kwa maneno yasiyozidi 20, kisha kilisome kwa sauti mbele ya wenzao. Sentensi ya kwanza iwe swali la nahodha: "Tuko wangapi?" Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari, nasi twaongeza kuwa tahadhari huanza kwa kuhesabu.